Panya wa Mchafukoge na Chanzo cha Spishi Mpya

Apitaye usiku katika vichochoro vya Mchafukoge, jirani na Kariakoo, baada ya maduka kufungwa, huwaona panya wakikimbia juu ya kuta na mapaa. Mpita njia huwaita wote panya. Mwanabiolojia hutaka kwanza kuhesabu kromosomu zao, kwa maana sura ya mnyama peke yake haitoshi kuonyesha ni wa spishi gani.

Kwa kawaida wanyama huhesabiwa kuwa wa spishi moja ikiwa wanaweza kupandana na kupata watoto ambao nao wana uwezo wa kuzaa. Farasi ana kromosomu 64 na punda ana 62. Mtoto wao, yaani baghala, ana 63. Ni mnyama mwenye nguvu nyingi, lakini karibu kila mara huwa tasa. Farasi na punda walitokana na mzazi mmoja wa kale. Je, mpaka uliopo baina yao ulijengwaje?

Panya wa paa atusaidie kulijibu swali hilo. Mnyama huyu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Rattus rattus, asili yake ni Bara Hindi. Alivuka bahari pamoja na shehena za wafanyabiashara, na mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, Zanzibar, katika matabaka ya kuanzia karne ya 7 au ya 8. Ana kromosomu 38. Ndugu yake wa Asia ya mashariki, Rattus tanezumi, ana 42. Ukiwaweka wawili hao katika kizimba kimoja, ni vigumu sana kuwatofautisha kwa macho.

Mtaalamu wa Kijapani, Tosihide Yosida, aliyefanya kazi mjini Mishima, aliwachunguza panya hawa kwa miaka mingi na kutoa kitabu juu yao mwaka 1980. Alionyesha kwamba hesabu ya zamani ni 42. Kromosomu mbili zenye umbo la fimbo ziliungana nchani na kuwa kromosomu moja ndefu, kama daftari mbili zilizoshonwa pamoja: jalada limekuwa moja, lakini maandishi karibu yote yamebaki. Panya wa Sri Lanka, wenye kromosomu 40, wana muungano mmoja wa namna hiyo. Panya wa paa wetu wana miungano miwili. Badiliko hili huitwa muungano wa Robertson, kwa jina la Mmarekani aliyelieleza mwaka 1916.

Panya mwenye miungano hiyo ana afya njema, kwa sababu jeni zake zipo. Matatizo huanza kwa chotara. Mzazi mwenye 42 humpa mtoto kromosomu 21, na mwenye 38 humpa 19; mtoto huwa na 40. Chotara anapotengeneza mbegu za uzazi, kila kromosomu hutafuta mwenzake. Jozi 17 hupatana bila shida. Lakini kila kromosomu ndefu hulazimika kujipanga na fupi mbili, na hivyo hutokea makundi mawili ya kromosomu tatu tatu. Kundi likigawanyika vibaya, mbegu moja hupata kromosomu ya ziada na nyingine hupungukiwa. Mimba itokanayo nazo kwa kawaida huharibika. Katika maabara, chotara wa panya hawa walikuwa na uwezo duni wa kuzaa.

Hata hivyo, hesabu ya kromosomu si kila kitu. Muungano mmoja mara nyingi hupunguza uzazi kidogo tu. Makundi mawili yakitengwa kwa muda mrefu, jeni zao nazo hubadilika, kila upande kivyake, mpaka zinapokutana tena hazipatani. Mwaka 2009 wanasayansi wa Prague walitangaza kwamba jeni iitwayo Prdm9 huchangia utasa wa madume chotara wa panya wadogo wa nyumbani. Hiyo ilikuwa jeni ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa katika mamalia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi umo katika mashamba ya Morogoro. Panya shamba, Mastomys natalensis, wote wana kromosomu 32, lakini jeni zao zinaonyesha nasaba mbalimbali. Nasaba mbili hukutana mkoani humo, na machotara wao huonekana katika ukanda mwembamba tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kila nasaba ina kirusi chake, kimoja kiitwacho Morogoro na kingine Gairo, na mpaka wa virusi hivyo hufuata mpaka wa panya. Huenda tunaona hapo spishi mbili zikiwa bado njiani.

Kwa hiyo jambo hili si la vitabuni tu. Virusi jamaa ya hivyo husababisha homa ya Lassa huko Afrika Magharibi, na anayetaka kujua ugonjwa utafika wapi hana budi kumjua barabara mnyama anayeubeba. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa Rattus tanezumi ameonekana Afrika Kusini. Jiji lenye bandari kama Dar es Salaam haliwezi kutegemea macho peke yake kumtambua mgeni wa namna hiyo.

Mwalimu asiye na hadubini aweza kulionyesha jambo hili kwa vijiti. Wanafunzi wapange vijiti vifupi vinne upande mmoja, na upande wa pili virefu viwili, kila kimoja kikiwa vifupi viwili vilivyofungwa pamoja. Kisha wajaribu kuvigawa vyote katika mafungu mawili kwa kila njia inayowezekana. Ni njia ngapi zinazolipa kila fungu urithi kamili, na ni ngapi zinazoliacha na upungufu au ziada?