Kingamwili dhidi ya koneksini 43

Kingamwili dhidi ya koneksini 43 ni protini inayotumika katika maabara za biolojia kuonyesha mahali ilipo protini nyingine, koneksini 43, ambayo hujenga njia nyembamba kati ya seli na seli jirani. Ni kifaa cha utafiti tu. Si dawa wala si kipimo cha kawaida cha mgonjwa. Hutumiwa hasa na wanaochunguza moyo, ubongo, ngozi na mifupa.

Protini inayotafutwa

Seli za moyo hupiga kwa pamoja kwa sababu zimeunganishwa. Mahali ambapo tando za seli mbili hukaribiana sana, hadi kubaki nafasi ya nanomita 2 hadi 4, huwa na kundi la mifereji inayotoka seli moja kuingia nyingine. Mahali hapo huitwa maungio ya pengo. Mwaka 1967 Jean-Paul Revel na Morris Karnovsky walilionyesha pengo hilo kwa hadubini ya elektroni katika moyo na ini la panya.

Kila mfereji una nusu mbili, moja kutoka kila seli, na kila nusu ni koneksini 6 zilizojipanga duara. Ioni na molekuli ndogo hupita humo; protini haziwezi kupita kwa ukubwa wake. Katika moyo ioni hizo ndizo zinazopeleka umeme wa pigo kutoka seli hadi seli.

Binadamu ana jeni 21 za koneksini. Namba 43 inatokana na uzito wa protini hiyo, takriban kilodaltoni 43. Ina asidi amino 382, na jeni yake, GJA1, iko katika kromosomu ya 6. Eric Beyer, David Paul na Daniel Goodenough waliieleza mwaka 1987 kutoka moyo wa panya.

Jinsi inavyotengenezwa

Koneksini hupenya utando wa seli mara nne, na ncha zake zote mbili hubaki ndani ya seli. Vitanzi viwili vilivyo nje hufanana mno kati ya koneksini mbalimbali, kwa hiyo kingamwili inayoshika hapo inaweza kushika ndugu zake pia. Mkia wa ndani ni tofauti: ni mrefu, na mpangilio wake ni wa koneksini 43 peke yake. Ndiyo maana kingamwili nyingi zimelengwa huko.

Kipande kifupi cha mkia huo hutengenezwa kwa njia ya kemia, kisha huunganishwa na protini kubwa, kwa kuwa kikiwa peke yake ni kidogo mno kuamsha kinga ya mwili. Sungura akichomwa mchanganyiko huo, damu yake hutoa kingamwili za aina nyingi zinazoshika kipande kilekile kwa namna mbalimbali. Njia ya pili ni ile ya Georges Köhler na César Milstein ya mwaka 1975, ambayo hutoa kingamwili za aina moja tu kutoka ukoo mmoja wa seli.

Jinsi inavyosomwa

Kipande chembamba cha nyama ya moyo hutibiwa kwa dawa inayotoboa tando, maana mkia unaotafutwa uko ndani. Kisha hutiwa kingamwili, na baada yake kingamwili ya pili yenye rangi inayong'aa. Katika moyo wenye afya nukta za mwanga huonekana zaidi kwenye miisho ya seli, pale zinapoungana. Kandokando ya kovu la mshtuko wa moyo nukta hizo hutawanyika ubavuni mwa seli, na mpangilio huo huhusishwa na mapigo yasiyo na utaratibu.

Njia nyingine ni kutenganisha protini kwa umeme ndani ya jeli. Hapo koneksini 43 haitoi mstari mmoja bali kadhaa vilivyokaribiana. Mwanafunzi anaweza kudhani kingamwili ni mbovu, kumbe mistari hiyo ni protini ileile ikiwa na fosfati au bila fosfati.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Kingamwili haioni protini nzima. Hushika kipande chake kidogo tu, na kipande hicho kikifunikwa au kikibadilishwa haishiki tena. Mwaka 1997 ilielezwa kingamwili inayoshika koneksini 43 isiyo na fosfati peke yake. Katika moyo wa kawaida, ambapo sehemu kubwa ya protini hiyo ina fosfati, kingamwili hiyo huonyesha kidogo sana. Moyo wa panya ukikatiwa damu, fosfati huondolewa na mwanga huongezeka. Asiyejua atasema protini imezaliwa wakati moyo unakufa, ilhali ilikuwepo tangu mwanzo. Katika ubongo kinyume chake kimetokea: baada ya jeraha kingamwili fulani zimeacha kuonyesha kitu ingawa protini haijatoweka.

Kwa sababu hiyo jina lililoandikwa kwenye kichupa halitoshi. Lazima mtafiti ajue kipande kinachoshikwa. Kipimo ambacho hufanywa sana, cha kuizuia kingamwili kwa kipande kilekile ilichotengenezewa, ni dhaifu, kwani huthibitisha tu kwamba inakishika kipande hicho. Kipimo chenye nguvu zaidi ni nyama isiyo na protini kabisa. Panya wasio na jeni hiyo waliripotiwa mwaka 1995. Hufa mara tu wanapozaliwa kwa sababu njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni imezibwa, lakini tishu zao hufaa kwa ulinganisho. Kingamwili ikiendelea kung'aa katika tishu hizo, inashika kitu kingine.