Utitiri wa Muhogo na Adui Yake Kutoka Brazil

Kiangazi kikikaza, majani machanga ya muhogo huanza kuingia vitone vya njano. Baadaye husinyaa, hudumaa na kupukutika, kilele kikabaki kijiti kitupu. Wengi hulilaumu jua. Lakini geuza jani, utazame upande wa chini: vile vidoa vya kijani vinavyotembea ni utitiri wa kijani wa muhogo, jamaa wa buibui, mwenye miguu minane na urefu usiofika nusu milimita.

Utitiri huu hutoboa jani na kufyonza uhai wake, pamoja na ile rangi ya kijani ambayo mmea huitegemea kujitengenezea chakula. Jani likidhoofu, muhogo ardhini haunenepi. Hasara haiishii hapo. Kisamvu huokoa nyumba nyingi mboga nyingine zinapokauka, na majani machanga ndiyo utitiri huyapenda zaidi.

Zamani Afrika haikuwa na balaa hili. Kwao utitiri huu ni Amerika ya Kusini, ulikotoka muhogo wenyewe. Mwaka 1971 ulionekana Uganda. Kisha, kwa kupeperushwa na upepo na kubebwa kwenye vipande vya miti ya muhogo vya kupandia, ukaenea karibu kila panapolimwa muhogo barani.

Dawa haikuwa jibu. Mkulima wa ekari moja ya muhogo hana fedha za kunyunyizia kila mara, na dawa nyingi za wadudu huua maadui wa utitiri kuliko utitiri wenyewe. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, pamoja na wenzao wa Amerika ya Kusini, wakaamua kuufuata utitiri kwao na kuwatafuta wanaouwinda. Wawindaji wa kwanza, walioletwa kutoka Colombia miaka ya 1980, hawakustawi. Ndipo msako ukahamia kaskazini mashariki mwa Brazil, kwenye kiangazi kirefu kama cha huku. Huko alipatikana mla utitiri mdogo aitwaye Typhlodromalus aripo.

Mwaka 1993 aliachiliwa mashambani Benin, kisha akafikishwa nchi nyingi, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Mchana hujibanza ndani ya kilele cha muhogo. Usiku huteremka majanini kuwinda. Mawindo yakiadimika, huweza kuishi kwa chavua, hata ya mahindi, hivyo halihami shamba upesi. Benin, mavuno yaliongezeka kwa hadi theluthi moja alipokuwepo.

Mlinzi huyu hana bei wala bango la matangazo, ndiyo maana ni rahisi kumwangamiza bila kujua. Tusinyunyizie muhogo dawa ya wadudu kwa mazoea. Anayechuma kisamvu asimalize vilele vyote, maana ndimo mlinzi huyu anamoishi. Tupande mapema mvua zinapoanza, ili mmea ukikutana na kiangazi uwe umekwisha kupata nguvu. Tuchague mbegu safi, na inapowezekana aina zenye vinyweleo kileleni, kwa kuwa humo mlinzi huyu hukaa vizuri zaidi.

Maofisa ugani wamwonyeshe mkulima viumbe hawa wawili kwa kioo cha kukuzia, shambani kwake, ajue yupi wa kuogopa na yupi wa kutunza. Wanaozalisha mbegu bora nao wahesabu vinyweleo vya kilele miongoni mwa sifa za muhogo mzuri, sambamba na wingi wa mavuno. Kinga hii imekwishapatikana. Wajibu wetu ni kuilinda.