Borough Market ya London: soko lililofukuzwa barabarani na bado lipo

Mfanyabiashara wa mazao akifika London kwa ajili ya maonyesho au kuonana na mnunuzi, mahali pamoja asipopaswa kupakosa ni Borough Market. Soko hili lipo kusini mwa mto Thames, hatua chache kutoka stesheni ya London Bridge. Leo linajulikana kwa jibini, mikate, nyama, samaki, kahawa na viungo vya daraja la juu, na bei zake nazo ni za juu. Lakini si la watalii tu. Historia yake ina mafunzo manne kwa anayevusha bidhaa mipakani: barabara, ardhi, ubora na bima.

Barabara

Soko lenyewe huhesabu umri wake tangu mwaka 1014, na maandishi ya uhakika kulihusu yapo tangu 1276. Sababu ya kuwepo kwake ni daraja. Hadi 1729, London Bridge lilikuwa daraja pekee la kuvuka Thames mjini humo, hivyo mazao yote yaliyotoka mashamba ya kusini yalipita hapo. Wauzaji wakapanga bidhaa zao kandokando ya njia, kama tunavyoona hadi leo karibu na vituo vya mpakani vyenye foleni ya magari.

Mwaka 1550, Mfalme Edward VI alitoa hati iliyoipa mamlaka ya jiji haki ya kulisimamia soko. Hata hivyo msongamano uliendelea kuongezeka. Mikokoteni ilikwama, wasafiri walilalamika, na katikati ya miaka ya 1750 Bunge likapitisha sheria ya kuliondoa soko barabarani. Lingeweza kufa hapo. Kilicholiokoa ni kwamba sheria hiyo hiyo iliwaruhusu wakazi wa Southwark kuanzisha soko jingine nje ya barabara. Walichanga pauni 6,000, wakanunua kiwanja jirani, na mwaka 1756 biashara ikaanza upya.

Fundisho ni rahisi. Soko linalotegemea kuziba njia ya wasafirishaji litafukuzwa, iwe leo au kesho. Wafanyabiashara wanaodai eneo mbadala kabla ya kuhamishwa huwa na pa kwenda, na wanaosubiri siku ya kubomolewa hupoteza wateja pamoja na mtaji.

Ardhi

Katika miaka ya 1860 kampuni ya reli ilitaka kupitisha njia yake juu ya soko. Wadhamini wa soko hawakuiuza ardhi. Walitoa haki ya kujenga daraja la reli juu, na biashara ikaendelea chini yake. Ndiyo maana mgeni anayenunua mkate leo husikia treni zikipita juu ya kichwa chake. Hadi sasa soko linasimamiwa na wadhamini kama taasisi isiyogawa faida. Kwa vyama vya wafanyabiashara wa kwetu wanaopanga kiwanja mwaka hadi mwaka, jambo hili linafaa kutafakariwa: aliye na hati hukaa mezani na kujadiliana, asiye nayo hupewa notisi.

Ubora

Kwa muda mrefu Borough lilikuwa soko la jumla la matunda na mboga, likifanya kazi usiku. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970. Soko kubwa la Covent Garden lilihamia Nine Elms mwaka 1974 likiwa na nafasi zaidi ya magari, na maduka makubwa yakaanza kununua moja kwa moja kwa wakulima. Wauzaji wa jumla wa Borough wakapungua mmoja baada ya mwingine.

Uhai mpya ulianza miaka ya 1990, pale wauzaji wachache wa jibini na vyakula vya nje walipopata maghala eneo hilo kwa sababu nafasi ilikuwepo. Mwaka 1998 yalifanyika maonyesho ya vyakula sokoni hapo, umma ukajitokeza kwa wingi, na biashara ya rejareja ikashika mizizi. Soko halikujaribu kushindana na maduka makubwa kwa bei. Lilishindana kwa maelezo: nani amezalisha, wapi, na kwa njia gani.

Ukitembelea, angalia vibandiko kabla ya kuangalia bei. Muuzaji wa kahawa anataja nchi, na mara nyingi hata eneo au kiwanda cha ushirika. Kahawa, vanila, karafuu na parachichi zetu huuzwa zaidi pale zinapokuwa na jina la zilikotoka. Mzigo uliochanganywa kutoka wilaya tatu bila kumbukumbu huuzwa kwa bei ya mchanganyiko. Kumbuka pia kwamba bei ya mezani si bei ya mwagizaji. Ndani yake mna pango, mishahara, usafiri na bidhaa zinazoharibika.

Bima

Tarehe 3 Juni 2017 watu wanane waliuawa katika shambulio la kigaidi lililotokea London Bridge na eneo la soko. Soko lilifungwa kwa siku 11 na kufunguliwa tena 14 Juni. Wauzaji waliacha chakula kikioza ndani ya eneo lililozingirwa na polisi. Wengi waligundua kuwa bima zao hulipa pale jengo au mali inapoharibiwa, wala hazilipi mauzo yanayopotea kwa sababu njia imefungwa. Ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 2019 ili kinga ya aina hiyo iweze kutolewa nchini Uingereza.

Msafirishaji aliyewahi kukaa siku kadhaa mpakani na shehena ya nyanya anaelewa uzito wa jambo hili. Muulize wakala wako swali moja: mpaka ukifungwa na gari langu halijapata hata mkwaruzo, nitalipwa? Jibu liwe kwa maandishi.

Ukipanga kwenda

Soko hufunguliwa Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu hufungwa. Jumamosi hujaa sana, hivyo mwenye nia ya kuzungumza na wauzaji aende asubuhi ya siku za katikati ya wiki.

Usibebe sampuli kiholela. Nyama na maziwa kutoka nchi zetu haviruhusiwi katika mizigo ya abiria, na mazao mengi mabichi huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya nchi yako. Kuhusu ushuru, bidhaa za Kenya huingia Uingereza chini ya mkataba ulioanza kutumika Machi 2021. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zinatumia mpango wa nafuu kwa nchi zinazoendelea ulioanza Juni 2023. Ili kupata nafuu hiyo lazima uthibitishe uasili wa bidhaa, kwa hiyo anayevusha mzigo kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kusafirisha ng'ambo atunze karatasi zake tangu shambani.