Walimu wakikaa pamoja, mtoto anasoma

Wadau, tuambizane ukweli. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, madarasa Kanda ya Ziwa yalifurika. Mtoto anaingia la kwanza anajua Kisukuma tu, mwalimu anaanza na Kiswahili. Peke yake atatoka kweli?

Shinyanga dawa ilishajaribiwa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, kwa hela za Uingereza, ulianza 2014 ukaisha 2020. Walimu wa madarasa ya chini walijifunza kufundisha KKK palepale shuleni kwao, siyo semina za mjini tu. Siku hizi kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na vikundi vyake vinaitwa jumuiya za kujifunza.

Inakuwaje? Mnamwaga madaftari mezani, mnakuta watoto wengi wanachanganya "l" na "r". Mnaandaa somo moja kwa pamoja. Mmoja anafundisha, wengine wanakaa nyuma kuwaangalia watoto (siyo kumkagua mwenzao, jamani!), halafu mnalirekebisha. Wajapani wanafanya hivi toka zamani.

Kikao kikigeuka cha matangazo ya mwalimu mkuu, hapo hamna kitu. Na kule Geita, mtoto akikimbilia machimboni, walimu wanaokaa pamoja wanashtuka mapema: kumbe hesabu kakosa, Kiswahili kakosa, wiki nzima.