Sita Inapokuwa Kumi

Chora pembetatu ABC, upande AB uwe sentimita 6 na AC uwe sentimita 10. Sasa nitathibitisha kwamba pande hizo mbili ni sawa.

Gawa pembe A nusu kwa nusu kwa mstari. Kisha tafuta katikati ya BC na usimamishe hapo mstari wima. Mistari hiyo miwili inakutana kwenye nukta O, ndani ya pembetatu. Kutoka O, chora mstari wa kufikia AB kwa pembe mraba, uiguse kwenye E. Fanya vivyo hivyo kwa AC, kwenye F. Pembetatu AOE na AOF zinalingana kabisa, kwa kuwa zina pembe sawa na AO ni upande wa zote mbili. Basi AE ni sawa na AF, na OE ni sawa na OF. Nukta O iko umbali mmoja kutoka B na kutoka C, kwa hiyo pembetatu mraba OEB na OFC nazo zinalingana, na EB ni sawa na FC. Jumlisha AE na EB, jumlisha AF na FC: AB ni sawa na AC. Sita ni kumi, na madeni yote yanalipika.

Fumbo hili limo katika kitabu cha burudani za hisabati cha W. W. Rouse Ball, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1892. Limo pia katika maandishi ya Lewis Carroll yaliyochapishwa mwaka 1899, baada ya kufa kwake. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa Elisi katika Nchi ya Ajabu. Kazi iliyomlisha ilikuwa kufundisha hisabati Oxford.

Mwenye kutafuta kosa huanza kukagua hatua, na hatua zote ni safi. Mwalimu anayesahihisha kwa haraka angetoa alama zote. Kosa limo katika maneno niliyoyapitisha kimyakimya: "ndani ya pembetatu". O haiwezi kuwa humo. Huangukia nje, ng'ambo ya BC, juu ya duara linalopita A, B na C. Lakini kuihamishia O nje hakutoshi, kwa sababu E na F zikiwa nje zote mbili, kutoa kutafanya hila ileile iliyofanywa na kujumlisha. Ukweli ni kwamba moja huangukia juu ya upande na nyingine huupita. Katika pembetatu yetu, AE na AF zote ni sentimita 8. E imeipita B kwa 2. F imepungukiwa 2 kuifikia C. EB ni sawa na FC kwelikweli! Ila AB ni 8 kutoa 2, na AC ni 8 kuongeza 2. Kila ulinganifu tuliouthibitisha ulikuwa kweli, isipokuwa ule wa mwisho.

Hata Euclid, aliyeandika jiometri yake Alexandria yapata mwaka 300 KK, hakuweka kanuni yoyote ya kusema nukta gani iko kati ya zipi. Aliliachia jicho. Ilibidi kungoja hadi 1882, Mjerumani Moritz Pasch alipotamka wazi kwamba mstari ulioingia pembetatu kwa upande mmoja, bila kupita kwenye ncha, lazima utokee upande mwingine. Mbuzi aliyeingia shamba la watu analijua hilo, lakini hakuwa ameliandika. Mwaka 1899 mwanahisabati David Hilbert akalipa suala hili la mpangilio wa nukta kundi zima la kanuni.

Kwa hiyo mimi huutilia shaka kila mstari wa msaada unaoongezwa kwenye mchoro: nani kasema unaangukia hapo? Ili kuonyesha kwamba pembe za kitako za pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili sawa, ni sawa, Euclid alizirefusha pande na kuongeza mistari mingine, hata wasomi wa Ulaya wakauita uthibitisho huo daraja la punda. Pappus, naye wa Alexandria, karne ya 4 BK, hakuongeza kitu. Aliilinganisha pembetatu ABC na ACB, yaani hiyohiyo ikisomwa kinyume. AB ni sawa na AC, AC ni sawa na AB, na pembe A ni ileile. Basi B ni sawa na C. Uthibitisho wake unafuatika hata bila karatasi.