Baridi Yabisi na Hatari Yake kwa Moyo

Mkulima wa Songea hutegemea mikono yake. Kwa mikono hiyo hupalilia mahindi, hukata majani ya tumbaku na kuyatundika katika bani. Kwa sababu hiyo baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha viungo na kukakamaza vidole kila asubuhi, hudhaniwa kuwa ni hasara ya mikono peke yake. Yafaa ieleweke kwamba ugonjwa huo hudhuru moyo pia.

Baridi yabisi hutokea pale kinga ya mwili inapogeuka na kushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Madhara yake hayaishii hapo, kwani kemikali za uvimbe husafiri katika damu na kuharibu kuta za mishipa, na mafuta hujikusanya humo. Kwa wastani, hatari ya maradhi ya moyo kwa mgonjwa huzidi ya mtu mwingine kwa karibu nusu. Mwongozo wa shirikisho la Ulaya la magonjwa ya viungo, uliochapishwa mwaka 2017, huwaelekeza matabibu kuzidisha makadirio ya hatari hiyo kwa 1.5.

Lipo jambo linalowakanganya wengi. Uvimbe unapokuwa mkali, lehemu, yaani kolesteroli, hushuka katika damu. Mgonjwa akiambiwa kwamba lehemu yake ni ndogo, huona moyo wake u salama. Sivyo, imeshuka kwa kuwa ugonjwa umepamba moto. Dawa kama methotrekseti zikiutuliza uvimbe, lehemu huweza kupanda na kurudi katika kiwango chake cha awali, ilhali hatari ya moyo kwa jumla hupungua. Kupanda huko si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kupimwa tena uvimbe ukishatulia na, ikibidi, kuongezewa dawa ya kupunguza lehemu.

Dawa nyingine zahitaji tahadhari zaidi. Prednisoloni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la damu, sukari na lehemu. Lakini isikatizwe ghafla bila agizo la tabibu. Diklofenaki inayonunuliwa dukani hutuliza maumivu tu, na ikizoewa huweza kudhuru moyo na tumbo. Methotrekseti nayo humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku.

Tumbaku imeuzwa kwa njia ya ushirika Songea tangu miaka ya 1930, nayo imesomesha watoto wengi. Hata hivyo, kuivuta huongeza uwezekano wa kupata baridi yabisi na maradhi ya moyo pia. Mgonjwa anayevuta hana budi kuacha.

Viongozi wa vyama vya msingi wanaombwa kuwahimiza wanachama ambao viungo vyao vimevimba kwa wiki kadhaa, na ambao ukakamavu wa asubuhi hupita saa moja, wafike mapema katika kituo cha afya. Huko waombe kupimwa shinikizo la damu, sukari na lehemu, au kupewa rufaa ya hospitali. Atibiwaye mapema huokoa mikono na moyo kwa pamoja.