Miwani, mchemraba au kitunguu?

Mzazi au mwalimu anayetafuta kifaa cha sayansi siku hizi hakosi kuonyeshwa uhalisia ulioongezwa: unaelekeza kamera ya simu mezani, moyo wa binadamu unatokea hapo ukidunda, nawe unauzunguka na kuuchungulia kwa nyuma. Unavutia kwelikweli. Tuangalie mfuko.

Ghali kuliko vyote ni miwani. Apple Vision Pro ilitoka 2024 kwa dola 3,499. Meta Quest 3 ya 2023 ilianzia dola 499. Hizo ni bei za Marekani, bado usafiri na kodi. Na mvaaji ni mmoja: darasa la watoto 45, kipindi cha dakika 40, hakuna atakayeivaa dakika nzima. Kwa shule zetu nyingi, habari ya miwani inaishia hapo.

Merge Cube ni nafuu zaidi. Ni mchemraba wa sponji wenye alama kila upande. Mtoto anaushika, na kwenye kioo cha simu unageuka sayari au fuvu analolizungusha kwa mkono wake. Sponji si ghali, lakini masomo mengi hayafunguki mpaka ulipie programu, kwa hiyo ulizia ada hiyo kwanza. Angalia na simu: programu nyingi za Android za uhalisia ulioongezwa zinategemea ARCore, mfumo wa Google, na simu nyingi za bei ya chini hazimo kwenye orodha ya simu unazozikubali.

PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni ya bure. Haina uhalisia ulioongezwa, ila mtoto anaunganisha betri, waya na balbu kwenye kompyuta, hata bila bando ukishaipakua. Baadhi ya majaribio yake yako kwa Kiswahili.

Kuna pia Foldscope, darubini ya karatasi iliyobuniwa Stanford, inayokuza mara 140. Bandua utando mwembamba wa kitunguu, dondoshea iodini, chungulia: seli zimepangana kama matofali, tena za kitunguu chako, si za mchoraji.

Tena mtihani wa vitendo wa kemia wa kidato cha nne, Kenya na Tanzania, bado unadai bureti, na hakuna programu inayouzoesha mkono kufunga koki kwenye tone linalobadilisha rangi. Nunua bureti na darubini kwanza, weka PhET kwenye kompyuta zilizopo. Fedha ikibaki, chukua mchemraba mmoja kwa kila kundi, kwa ajili ya sayari na moyo.